Samaki, Nazi na Saratani: Asidi za Mafuta Katika Mwili wa Mwanadamu

Asubuhi za mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma, mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa. Mpishi wa Nyamisati, kijiji kilicho ukingoni mwa delta ya Mto Rufiji, huiweka chupa hiyo juani au karibu na jiko ili mafuta yapate kumiminika. Chupa ya mafuta ya alizeti iliyonunuliwa Kibiti mjini haihitaji kufanyiwa hivyo, wala mafuta yanayochuruzika kutoka kwa kibua anapobanikwa. Kila mpishi wa pwani anaijua tofauti hiyo. Walio wachache ndio wajuao kwamba tofauti hiyo huendelea hata baada ya chakula kuliwa, ndani ya damu na ndani ya tando za seli, na kwamba kwa zaidi ya miaka themanini wanasayansi wamekuwa wakichunguza kama ina uhusiano na ugonjwa wa saratani.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Mtu wa visiwa vya delta anapoona uvimbe usiopona, safari yake ya matibabu ni ndefu: mashua hadi bara, gari hadi Kibiti, kisha barabara kuu hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Njiani jamaa zake hukutana na washauri wengi. Mmoja husema saratani hulishwa na mafuta, kwa hiyo mgonjwa asiguse tena nazi, samaki wala mafuta ya kupikia. Mwingine husema mafuta ya samaki ndiyo dawa yenyewe, naye anayo vidonge vyake vya kuuza. Washauri hawa wawili hawawezi wote kuwa wakweli. Gharama ya maneno yao ni fedha, na mara nyingine ni muda, ambao kwa mgonjwa wa saratani una thamani kuliko fedha. Yafaa basi vijana wa sekondari, ambao mara nyingi ndio wasomaji wa barua na vyeti vya hospitali katika nyumba zao, waelewe sayansi inasema nini hasa.

Asidi za mafuta ni nini?

Mafuta yote tulayo, yawe ya nazi, ya ufuta au ya samaki, yamejengwa kwa namna moja. Molekuli moja ya mafuta ina kiini cha gliseroli, na juu yake zimeshikana asidi tatu za mafuta. Kila asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni zilizozungukwa na haidrojeni, na mwishoni mwa mnyororo huo lipo kundi la atomi linaloipa tabia ya asidi.

Kaboni zote za mnyororo zikiwa zimebeba haidrojeni nyingi kadiri ziwezavyo, asidi hiyo huitwa asidi iliyoshiba. Mnyororo wake umenyooka, na minyororo mingi ya namna hiyo hupangana karibu karibu kama kuni ndani ya tita. Ndiyo sababu mafuta yaliyoshiba huganda upesi. Mahali penye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili, haidrojeni hupungua na mnyororo hupinda. Minyororo iliyopinda haipangiki vizuri, kwa hiyo mafuta yake hubaki majimaji. Asidi yenye kifungo maradufu kimoja huitwa isiyoshiba mahali pamoja, na yenye vifungo viwili au zaidi huitwa isiyoshiba mahali pengi. Katika kundi hili la mwisho zimo koo mbili mashuhuri, omega 6 na omega 3. Majina hayo yanaonyesha mahali kifungo maradufu cha kwanza kinapokaa, kuhesabu kutoka mkiani mwa mnyororo.

Vyakula vya Kibiti na delta vinatoa mifano ya karibu kila aina. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi yameshiba, na karibu nusu yake ni asidi lauriki yenye kaboni 12. Korosho, zao kuu la mashamba ya Kibiti, ina mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wa kokwa, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi oleiki, ambayo ina kifungo maradufu kimoja. Mafuta ya ufuta yamegawanyika karibu sawasawa kati ya asidi oleiki na asidi linoleiki ya ukoo wa omega 6. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi linoleiki kwa wingi zaidi. Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wana asidi ndefu za omega 3 zijulikanazo kwa herufi EPA na DHA. Kamba wanaovuliwa kwenye mikoko wana mafuta kidogo mno. Mafuta ya mawese, ambayo huingizwa nchini kwa wingi na kuuzwa kwa rejareja, yana takribani nusu ya mafuta yaliyoshiba, hasa asidi palmitiki yenye kaboni 16.

Chakula kinavyogeuka kuwa mwili

Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, waliokuwa wakifanya kazi Minnesota, Marekani, walitangaza kwamba panya walionyimwa mafuta yote waliugua: ngozi ilitoka magamba, mikia ilioza na ukuaji ulisimama. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba asidi linoleiki iliwaponya. Tangu hapo ikajulikana kuwa zipo asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, na hapana budi zipatikane kwenye chakula. Kwa mwanadamu ni mbili: asidi linoleiki, mzazi wa ukoo wa omega 6, na asidi alfa-linoleniki, mzazi wa ukoo wa omega 3. Mwili huweza kurefusha asidi hizi. Kutoka linoleiki hutengeneza asidi arakidoniki. Kutoka alfa-linoleniki hutengeneza EPA, na DHA kidogo sana, ndiyo maana ulaji wa samaki huonekana wazi katika damu ya mlaji.

Asidi hizi si akiba ya nishati tu. Kila seli imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta, na asidi zinazoujenga hutegemea kwa sehemu kile kilichokuwa sahanini. Seli nyekundu za damu huishi kwa siku 120 hivi, kwa hiyo mtaalamu azipimapo husoma habari za mlo wa miezi michache iliyopita. Akipima mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi, husoma habari za miaka.

Tanzania imewahi kutoa mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1996 watafiti walioongozwa na Paolo Pauletto wa Italia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watu elfu moja huko Ludewa. Walilinganisha wanakijiji wa pwani ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki kila siku, na wanakijiji wa milimani waliokula nafaka na mboga. Watu hao walikuwa wa jamii za karibu na waliishi maisha yanayofanana. Damu ya walaji samaki ilikuwa na omega 3 nyingi zaidi, shinikizo la damu yao lilikuwa chini zaidi, na kolesteroli yao vilevile. Uchunguzi huo ulihusu moyo na mishipa, si saratani, lakini ulithibitisha kwamba vijiji viwili vya wilaya moja vyaweza kuwa na damu za namna mbili kwa sababu ya kitoweo.

Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema kwamba samaki wote ni sawa. Mwaka 1982 Kerin O'Dea na Andrew Sinclair walichunguza wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi ya Australia waliokula vyakula vya bahari ya joto kwa majuma mawili. Walitarajia omega 3 ipande kama ilivyoonekana kwa walaji samaki wa nchi za baridi. Badala yake iliyopanda zaidi ni asidi arakidoniki, kwa kuwa samaki wengi wa maji ya joto wana asidi hiyo kwa kiasi kikubwa. Bahari ya Hindi inayoingia katika mikondo ya delta ni bahari ya joto. Kwa hiyo matokeo yaliyopatikana Greenland au Norwei hayawezi kuhamishiwa Rufiji bila kupimwa upya.

Njia tatu kuelekea saratani

Saratani huanza pale maagizo yaliyomo ndani ya kiini cha seli yanapoharibika, seli ikaanza kugawanyika bila kutii mpaka. Asidi za mafuta huweza kuhusika na jambo hili kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza hupita kwenye utando wa seli. Seli inapoumizwa, asidi arakidoniki hung'olewa kutoka kwenye utando na kugeuzwa na vimeng'enya kuwa prostaglandini, kemikali ndogo zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Kwa kazi ya kuzichambua kemikali hizo, Sune Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini mojawapo, iitwayo E2, huzihimiza seli kugawanyika na kuzisaidia kukwepa kinga ya mwili. Kidonda kisichopona na uvimbe wa ndani wa muda mrefu ni shamba lenye rutuba kwa saratani, na prostaglandini ni sehemu ya mbolea yake. EPA ya samaki hushindania kimeng'enya kile kile na kutoa kemikali iliyo dhaifu zaidi. Aspirini, ambayo Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba huzuia utengenezaji wa prostaglandini, imethibitishwa katika majaribio kupunguza saratani ya utumbo mpana kwa watu waliorithi hatari kubwa ya ugonjwa huo. Njia hii basi ipo kweli, si dhana tupu. Lakini aspirini huleta hatari ya kutoka damu tumboni, na si ya kunywewa kila siku bila agizo la daktari.

Njia ya pili hupita kwenye mafuta yaliyohifadhiwa. Zamani ilidhaniwa kwamba mafuta ya mwilini ni ghala tu. Sasa inajulikana kwamba ghala hilo ni tezi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, seli za mafuta ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya estrojeni, na estrojeni huchochea aina nyingi za saratani ya titi na ya mji wa mimba. Unene pia huongeza insulini katika damu, na insulini huziambia seli zikue.

Njia ya tatu ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1953 Grace Medes na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba seli za saratani hazingoji mafuta ya chakula. Hujitengenezea asidi zao wenyewe kutokana na sukari ya damu. Uvumbuzi huu unamjibu yule mshauri wa kwanza. Mgonjwa akinyimwa mafuta yote, uvimbe hauna shida, kwa kuwa una kiwanda chake. Anayeshinda na njaa ni mgonjwa, na kupoteza uzito ni miongoni mwa mambo yanayomdhoofisha asiweze kuhimili matibabu.

Ushahidi kutoka kwa watu

Mwaka 1942 Albert Tannenbaum wa Chicago alionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi walipata uvimbe wa matiti zaidi. Mwaka 1975 Kenneth Carroll wa Kanada alizipanga nchi za dunia kwa kiasi cha mafuta zinachokula na kwa vifo vya saratani ya titi. Nchi zilijipanga karibu katika mstari mmoja: penye mafuta mengi, vifo vingi. Wengi waliamini kwamba swali limekwisha.

Lakini hapa mwanafunzi wa hisabati anapaswa kusita. Nchi zilizokula mafuta mengi zilikuwa pia nchi tajiri, ambako wanawake walizaa wachache, walizaa wakiwa na umri mkubwa, na walinyonyesha kwa muda mfupi. Mambo hayo yenyewe huongeza hatari. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti za nchi 30, ulikadiria kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Mstari wa Carroll haukuweza kutenganisha mafuta na mambo hayo.

Dawa ya shaka kama hiyo ni jaribio. Huko Marekani wanawake 48,835 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta, lingine likaendelea kama kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2006, baada ya wastani wa miaka minane. Saratani ya titi ilikuwa pungufu kwa asilimia 9 katika kundi la kwanza, tofauti ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Mafuta ya samaki nayo yalijaribiwa. Watu 25,871 walipewa vidonge, wengine vyenye gramu moja ya omega 3 kwa siku, wengine vitupu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018, baada ya zaidi ya miaka mitano: idadi ya waliopata saratani haikutofautiana. Aidha, mwaka 2013 uchunguzi mwingine wa Marekani ulikuta kwamba wanaume wenye omega 3 nyingi katika damu walikuwa na saratani ya tezi dume zaidi, jambo ambalo wataalamu bado wanabishania. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa karibu watu nusu milioni wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta saratani ya utumbo mpana ikiwa pungufu kwa walaji samaki. Huyu hapa mshauri wa pili naye amejibiwa. Samaki ni chakula chema, lakini kidonge cha mafuta yake hakijathibitishwa kuzuia saratani, sembuse kuiponya.

Mfano wa Tanzania ulio karibu zaidi na somo hili unatoka Moshi. Katika hospitali ya KCMC watafiti walilinganisha wanawake 115 wenye saratani ya titi na wanawake 230 wasio na ugonjwa huo, wa umri uleule. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba mlo wenye maziwa, mafuta ya kupikia, siagi na nyama nyekundu kwa wingi uliambatana na hatari kubwa zaidi. Ilionekana pia kwamba huenda hatari huongezeka pale asidi zisizoshiba mahali pengi zinapokuwa chache zikilinganishwa na zilizoshiba. Lakini mlo mwingine, wenye samaki, maembe, mapapai na maparachichi, nao uliambatana na hatari zaidi. Je, papai huleta saratani? Hakuna mtaalamu asemaye hivyo. Uchunguzi wa namna hii huonyesha mambo yanayotembea pamoja. Hauonyeshi lipi linamwongoza mwenzake. Mwanamke mwenye uwezo wa kununua matunda na samaki kila siku huenda anatofautiana na jirani yake kwa mambo mengine mengi. Mtu anayechukua nusu ya kwanza ya matokeo na kuficha ya pili hatendi haki.

Jambo lililothibitika

Katika mabishano haya yote, jambo moja limesimama imara. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipitia tafiti zaidi ya elfu moja na kuhitimisha kwamba unene uliozidi huongeza hatari ya aina 13 za saratani, zikiwamo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo, mji wa mimba, na ya titi kwa wanawake waliokoma hedhi. Kwa hiyo, kwa kadiri ya ujuzi wa leo, swali la kwanza la kuuliza ni mafuta kiasi gani yamekaa mwilini. Swali la aina gani linafuata baadaye.

Hata hivyo aina nayo ina maana yake. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walipima damu ya wanawake na kukuta kwamba wale wenye asidi za transi nyingi, zitokanazo na mafuta yaliyogandishwa viwandani kwa haidrojeni, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya titi. Mafuta hayo huharibu mishipa ya moyo pia, na Shirika la Afya Duniani limezitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula. Mwaka 2021 watafiti wa Barcelona walionyesha kwamba asidi palmitiki ilizifanya seli za saratani zilizo ndani ya miili ya panya zisambae zaidi, ilhali oleiki na linoleiki hazikufanya hivyo. Yafaa ikumbukwe kuwa hao ni panya, na seli zilikuwa tayari za saratani. Haifuati kwamba mlaji wa maandazi yaliyokaangwa kwa mawese ataugua.

Kikaango nacho kinastahili kutazamwa. Kituo cha mabasi cha Kibiti, kama vituo vingine vya barabara ya kusini, kina harufu ya chipsi na mihogo ya kukaanga. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huvunjika. Vifungo maradufu hushambuliwa na oksijeni, na zinatokea kemikali kali zinazochoma macho na koo. Mvuke wa kukaangia kwa moto mkali umewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika orodha ya vitu ambavyo huenda kweli vinasababisha saratani kwa binadamu. Aliye karibu zaidi na hatari hiyo ni mpishi anayesimama juu ya karai siku nzima, kuliko mnunuzi wa sahani moja. Kwake yeye mahali penye hewa, moto wa kiasi na mafuta yasiyo meusi ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Saratani ambazo hazitokani na mlo

Ingekuwa kosa msomaji wa delta kudhani kwamba saratani ni habari ya mafuta tu. Saratani si ugonjwa mmoja. Uvimbe wa taya za watoto uliotangazwa na Denis Burkitt mwaka 1958, alipokuwa daktari wa upasuaji Uganda, hutokea katika nchi za tambarare zenye malaria nyingi, na unahusiana na kirusi. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo huwapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, husababishwa na kirusi cha HPV. Saratani ya ini huletwa na homa ya ini aina ya B na sumu ya kuvu iotayo katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu. Kichocho cha mkojo, ugonjwa unaojulikana sana katika mabonde ya maji ya pwani, huweza kuleta saratani ya kibofu kikiachwa miaka mingi.

Kwa hizi zote zipo kinga zenye nguvu kuliko kubadili mafuta ya kupikia. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote kwa wasichana mwezi wa Aprili 2018. Kichocho kina dawa. Nafaka na karanga zaweza kukaushwa vizuri kabla ya kuwekwa ghalani. Kijana anayewahimiza wazazi wake waache nazi, huku mdogo wake akikojoa damu bila kupelekwa kituo cha afya, ameshika jambo dogo na kuliacha kubwa.

Kazi ya darasani

Walimu wa kemia na baiolojia wanaweza kulifanya somo hili lionekane kwa macho. Chukua mirija minne ya majaribio. Tia ndani yake mafuta ya nazi, mawese, ufuta na alizeti, kila mmoja aina yake. Izamishe katika maji yenye barafu kidogo, kama ile wanayotumia wavuvi, na wanafunzi waandike ni mafuta yapi yanaanza kuganda, na katika nyuzi ngapi. Mafuta ya nazi huanza katika nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Kisha, mbele ya dirisha lililo wazi na kwa mkono wa mwalimu mwenyewe, matone ya maji ya bromini yatikiswe pamoja na kila mafuta. Yale yasiyoshiba yataipoteza rangi ya bromini upesi zaidi, kwa sababu bromini huingia penye vifungo maradufu. Wanafunzi walinganishe orodha hizo mbili na waeleze kwa nini zinakaribiana kufanana.

Baada ya hapo waulizwe swali gumu zaidi: je, kutokana na majaribio hayo, mtu anaweza kusema ni mafuta yapi yanaleta saratani? Jibu ni kwamba hawezi. Majaribio yamewaonyesha umbo la asidi. Habari za ugonjwa zilihitaji maelfu ya watu na miaka mingi, na hata hivyo zimetoa majibu ya tahadhari.

Mlo wa zamani wa delta, yaani wali, samaki, mboga za majani, tui la nazi kwa kiasi na korosho za kutafuna, hauna haja ya kuonewa aibu. Unampa mlaji asidi zote mbili zilizo za lazima na haumnenepeshi mtu afanyaye kazi ya shamba na kasia. Unapoongezewa soda, vyakula vya kukaanga kila siku na kazi ya kukaa, hesabu hubadilika, nao mwili huandika mabadiliko hayo.

Ama yule jamaa anayejiandaa kupanda mashua na uvimbe wake, ushauri unaomfaa ni mfupi. Ale chakula chake cha kawaida kadiri awezavyo, samaki na mafuta yakiwamo. Fedha za vidonge aziweke kuwa nauli. Na asingoje msimu mwingine wa mavuno, kwa kuwa saratani nyingi zinazoonwa mapema hutibika, na zinazocheleweshwa huwashinda hata madaktari bingwa.